Takhmisa kwa Bwana Msa

Katika riwaya saba ambazo Muhammed Said Abdulla alimwandikia Bwana Msa, sita za mwanzo hazina jina la shujaa huyo katika anwani zake. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni jina la pahala. Kisima cha Giningi (1968) nacho ni pahala. Duniani Kuna Watu (1973) ni kauli ya mtu aliyekwisha kuwaonja walimwengu. Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) ni mafumbo, kila moja likimwita msomaji aje alifumbue. Ni ya saba tu, Kosa la Bwana Msa (1984), iliyomtaja mwenyewe, tena imemtaja kwa kosa lake.

Mwandishi hawezi kuuza kosa la mtu asiyejulikana. Mwaka 1960 Abdulla alikuwa akiuza mzimu. Mwaka 1984 anauza mtu. Katika miaka hiyo ishirini na minne yule mpelelezi mwenye kiko amekwisha kuwa mali ya wasomaji, kiasi kwamba wakiambiwa amekosea wanastaajabu, wanataka kujua amekosea nini, na wanatoa fedha mfukoni. Hapo ndipo shujaa anapokuwa na uhai wake mbali na uhai wa mtungaji. Na hapo ndipo lilipoanzia suala linalonishughulisha: shujaa wa namna hii akisharudi mara sita kwa mkono wa mwenyewe, je, anaweza kurudi kwa mkono wa mwingine?

Nasema alirudi kwa sababu kurudi kwake hakukuwa jambo la mfululizo mwororo. Miaka minane inaitenga riwaya ya kwanza na ya pili. Miaka minane tena inaitenga ya sita na ya saba. Ndani ya pengo la kwanza yamo Mapinduzi ya Januari 1964. Ndani ya pengo la pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huo huo, na haukufunguliwa hadi 1983. Nazo riwaya za miaka ya sabini zilikuwa zimetoka katika mitambo ya Nairobi. Sisemi kuwa mpaka ndio uliomnyamazisha Bwana Msa. Nasema tu kuwa shujaa wa vitabu vya bei nafuu hafi kwa risasi peke yake. Hufa kwa kukosa karatasi, hufa forodhani, hufa kwa duka lililofunga milango. Na kila alipozuka tena alikuta wasomaji wengine: waliompokea 1960 walikuwa raia wa Sultani chini ya himaya ya Mwingereza, waliompokea 1984 walikuwa raia wa Jamhuri ya Muungano yenye umri wa miaka ishirini, wengi wao hawajapata kuuona ulimwengu ule ambao fumbo la kwanza lilisukwa ndani yake.

Yafaa kukumbuka mtungaji alikuwa nani kabla ya kuwa mtungaji. Abdulla alizaliwa mwaka 1918, akasoma hapo hapo Unguja, na kazi yake ya awali ilikuwa ukaguzi wa afya. Ndipo akaingia katika magazeti mwishoni mwa miaka ya arubaini, akahariri zaidi ya gazeti moja, na tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 akawa mhariri wa Mkulima. Watu hupenda kuitaja kazi ya magazeti wanapoueleza ustadi wake. Mimi naitilia maanani zaidi ile ya afya. Mkaguzi wa afya ni mtu wa serikali anayeruhusiwa kuvuka kizingiti. Huingia uani, hufunua mtungi, hutazama chooni, huhesabu watu wanaolala chumba kimoja. Huyaona yale ambayo mgeni wa sebuleni haonyeshwi. Bwana Msa hana nguvu za polisi. Hizo anazo Inspekta Seif. Alichonacho ni idhini ya kuvuka kizingiti, pamoja na subira ya kukaa, kuvuta moshi, na kumwacha mwenye nyumba aseme hadi ajichoshe.

Na ndani ya nyumba hizo aghlabu kuna kitu kimoja. Anayezisoma riwaya hizi kwa kufuatana ataona kwamba suala la nani kaua huzama ndani ya suala kubwa zaidi, la nani ni mtoto wa nani. Watoto waliofichwa, majina yaliyobadilishwa, ndoa zilizofungwa kimya, mirathi inayosubiri mtu afe au atambulike. Kifo ni chombo tu cha kuyafungua makabati. Sherlock Holmes alisoma tope katika viatu na majivu ya sigara. Bwana Msa, ambaye uhusiano wake na Holmes hakuna anayeukana, anasoma nasaba. Ndiyo maana mimi huiona Mzimu wa Watu wa Kale, pamoja na tuzo iliyopata katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, kuwa riwaya ya mwanafunzi hodari, na Duniani Kuna Watu kuwa ya fundi. Katika ile ya kwanza Holmes bado anamshika mkono. Katika hii fumbo limekwisha kuwa la Kiunguja, na haliwezi kuhamishiwa London hata ukitaka.

Wahakiki wetu hawakulipa jambo hilo haki yake. Miaka ile ile Abdulla alipokuwa akitoa riwaya moja kila mwaka, fasihi ya visiwani ilikuwa ikigeuka. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu na Nyota ya Rehema. Adam Shafi akatoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Said Ahmed Mohamed akafuata na Dunia Mti Mkavu na Utengano mwaka 1980. Hao wakapewa viti vya mbele darasani, na walistahiki. Bwana Msa akaachiwa mkeka wa fasihi pendwa. Lakini mtazame mwenye kasri na mtazame mwenye nyumba ya Bwana Msa: ni jamii ile ile, milango ile ile iliyonakshiwa. Adam Shafi anaivunja nyumba kutoka nje, kwa nguvu za umma. Abdulla anaifungua kutoka ndani, kwa kuuliza mama wa huyu ni nani. Sioni sababu ya kuamini kuwa njia ya pili ni mchezo na ya kwanza peke yake ndiyo fasihi.

Turudi kwenye kufufua. Huko alikotoka Holmes mambo haya yamekwisha kujaribiwa kwa kila namna. Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake mwaka 1893 kwa kuchoshwa naye. Mwaka 1901 akamrudisha kwa hila ya saa: kisa kipya, lakini chenye kutokea kabla ya mauti. Mwaka 1903 akakubali kumfufua hasa, akatoka hai kana kwamba hakuanguka. Wamarekani wakavumbua njia ya tatu, nayo ni ya kinyang'anyi. Mpelelezi wao Nick Carter alizaliwa mwaka 1886 katika hadithi za magazetini. Mwaka 1964 wachapishaji wa vitabu vya mfukoni walilichukua jina wakamvika jasusi wa Vita Baridi, mwenye silaha na wanawake, asiyefanana na mzee wake hata kwa kivuli. Jina liliazimwa kama kanzu ya marehemu, na aliyeivaa hakuuliza ilishonwa kwa kimo cha nani.

Kwetu, aliyejaribu kwenda na wakati ni Aristablus Elvis Musiba. Willy Gamba wake alitokea mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akarudi katika Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na Hofu (1988). Gamba hana nyumba ya kuvuka kizingiti chake. Ana uwanja wa ndege. Ni mtu wa idara ya upelelezi wa taifa lililokuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na adui wake ni Kaburu pamoja na vibaraka wake. Kwa miaka kumi na minne adui huyo alimtosha. Kisha historia ikamnyang'anya. Mwishoni mwa Aprili 1994 Afrika Kusini ilipiga kura yake ya kwanza ya watu wote, na mwanzoni mwa mwezi huo huo Rwanda ilikuwa imeanza kuchinjana. Gamba aliporudi mwaka 2000 katika Uchu, baada ya kimya cha miaka kumi na miwili, ilimbidi atazame upande wa Maziwa Makuu, ambako anayeua na anayeuawa ni Waafrika watupu na makaburu hawapo wa kusingiziwa.

Namvulia kofia Musiba kwa ujasiri huo. Ila gharama yake yaonekana. Msomaji mwenye kupenda hesabu atajiuliza: kama Gamba alikuwa na miaka thelathini alipoanza, mwaka 2000 ana miaka hamsini na sita, na mtu wa umri huo harukii madirisha. Shujaa anayefuata kalenda hana budi kuzeeka, au kalenda iachwe izeeke peke yake na yeye abaki kijana, na hapo pana uongo mdogo ambao hukua kila kitabu. Bwana Msa aliepuka mtego huo bila ya kujikaza. Zama mpya huingia katika vitabu vyake vya baadaye, watu hubadilika maneno na mavazi, lakini Mapinduzi siyo ufunguo wa fumbo. Ufunguo ni siri iliyofichwa kabla, na siri ya nasaba haina umri. Huweza kulala miaka thelathini, ikaamka siku ya kugawa mirathi.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma aliyemzaa Joram Kiango, alifariki mwaka 2008. Musiba naye akafuata mwaka 2010. Hivyo Bwana Msa, Kiango na Gamba wote watatu ni mayatima, na kwa watu wa mwambao neno hilo si la kuchezea. Yatima ana mali, na mali yake ina masharti. Mlezi aweza kuifanyia kazi, aweza kuitilia faida. Kuila ni haramu. Aliyemvika Nick Carter bastola ya jasusi alikula mali ya yatima, ingawa kwa sheria za biashara hakuiba chochote.

Wapo wapenzi wa Bwana Msa wanaotamani riwaya mpya yake, na wapo wanaoona kuwa kumgusa ni kumvunjia heshima marehemu. Hao wa pili nadhani wamesahau kitu ambacho wasomaji wa ushairi hawana udhuru wa kukisahau. Ushairi wetu unayo, tangu karne nyingi, njia yake ya kuingia katika kazi ya aliyetangulia pasi na kuiharibu: takhmisa. Mshairi huchukua ubeti wa mwenziwe wenye vipande viwili, akautangulizia vitatu vyake, ukawa wa vipande vitano. Sharti ni kwamba vile viwili vya asili havibadilishwi hata herufi. Sharti la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kwamba vitatu vya mgeni vifuate kina cha kipande cha kwanza cha mwenyeji. Maneno ya mgeni yanasomwa mwanzo, lakini yanatumikia. Neno la mwisho ni la aliyekufa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, ndiye anayenasibishiwa takhmisa juu ya shairi la Fumo Liyongo. Naye Liyongo mwenyewe ni shujaa gani kama si wa kufufuliwa? Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913, karne kadhaa baada ya wakati ambao masimulizi yanamweka, na hakuna aliyemwambia kuwa Liyongo hana haki naye.

Kwa kipimo hicho, atakayemwandika Bwana Msa upya ajiulize vipande viwili visivyoguswa ni vipi. Kiko sikihesabu, kiko ni pambo, na kila mwigaji ataanza nacho. Hata Najum, sahibu yake, pamoja na kwamba namtaka arudi, aweza kupungua bila ya jengo kuanguka. Kipande cha kwanza nakiona kuwa ni lugha. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja, chenye dhihaka iliyofunikwa kawa, chenye watu wanaotukanana kwa heshima zote. Mtu wa Abdulla hujitia hatiani kwa namna anavyochagua neno. Mwandishi asiyesikia tofauti baina ya jibu la kweli na jibu la adabu asijisumbue, kwani upelelezi wote umo katika tofauti hiyo. Kipande cha pili ni ile nasaba.

Nayaandika haya kutoka Kintinku, wilaya ya Manyoni, stesheni ya reli ya kati baada ya Bahi kwa anayetoka Dodoma, mbali sana na harufu ya karafuu, na yaliyotokea huku kwa kitabu kimoja yanahusiana na hoja. Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyopita mikono mingi hapa ilifika ikiwa imepoteza jalada na kurasa za mwisho. Riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho ni kama debe lisilo na kitako, lakini watu walilichotea maji hivyo hivyo. Kila msomaji alilazimika kuumalizia mwenyewe. Wengi walifanya kama Bwana Msa angefanya: walimtafuta mwenye kufaidi. Mzee mmoja wa Kigogo, aliyesomewa na mjukuu wake, aliuliza jambo jingine. Alitaka kujua baada ya muuaji kushikwa ni nani atakayepatakasa pale mzimuni, maana damu imemwagika pahala pa wazee.

Hilo ni swali ambalo riwaya ya upelelezi, kwa umbo lake, haina nafasi nalo. Kazi ya Bwana Msa ni kuonyesha kuwa mzimu hauui, kwamba nyuma ya mzimu kuna mtu mwenye tamaa. Akishaonyesha, mzimu umekwisha, umebaki mawe. Kwa msomaji wa Unguja wa 1960, aliyekuwa akitamani elimu iifukuze hofu, huo ulikuwa ushindi. Katika Ugogo, ambako mtemi alikuwa mwenye dhamana ya mvua na matambiko, kuthibitisha kuwa muuaji ni binadamu hakuimalizi kesi. Kunaifungua. Mzee yule hakubisha hata kidogo kwamba muuaji ni mtu. Alishangaa tu kwamba watu wazima wanaweza kuondoka pahala pale, wakapanda gari, wakarudi mjini. Na tazama kuwa baada ya mzimu na Giningi, ile nchi ya wachawi ambayo Said Ahmed Mohamed ameirudia kwa kusudi tofauti kabisa katika Kivuli Kinaishi, Abdulla mwenyewe hakutumia tena pahala pa kutisha katika anwani zake. Yaelekea aliona kuwa mzimu ukishafunuliwa mara moja haufunuki mara ya pili. Nasaba yafunuka kila siku.

Au ilikuwa ikifunuka. Kuna pingamizi ambalo mtu wa leo atalileta, na ni zito. Neno letu la kile wanasayansi wanachokipima katika damu na mate ni vinasaba, yaani nasaba ndogo ndogo, na Tanzania Bara imekuwa na sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Suala ambalo Bwana Msa alilizungukia kurasa mia, akinywa kahawa za watu na kuwasikiliza wakwe na mawifi, sasa lajibiwa katika maabara kwa karatasi yenye muhuri. Yuko mtu atakayesema kuwa basi kazi yake imekwisha, kama vile kazi ya mpiga mbiu ilivyokwisha.

Mimi naona karatasi hiyo ndiyo kina ambacho mwandishi mpya anatafuta. Maabara hutaja baba. Haitaji kwa nini nyumba nzima, kuanzia bibi hadi mtumishi, ilikubaliana kunyamaza kwa miaka thelathini, wala nani alilipwa, wala nani alinyamaza bure kwa mapenzi. Tena karatasi inaweza kufika kwa asiyepaswa, ikaibwa, ikachanwa, ikatumiwa kumtishia mtu. Riwaya ninayoitamani haina haja ya Bwana Msa kurukia dirisha wala kushika simu ya kisasa. Imkute Ng'ambo, katika nyumba yenye matanga, bahasha iko juu ya meza na haijafunguliwa. Watoto wa marehemu wako sita. Watano wanataka ifunguliwe, mmoja hataki, na yule asiyetaka ndiye anayefanana mno na baba. Inspekta Seif ananyoosha mkono. Bwana Msa anamwomba angoje kidogo, anamgeukia mama mwenye eda nyuma ya pazia, na kumuuliza kama kahawa hii ameipika yeye.